Tukishasema ‘hafanani’, tumeona nini?

Kuna neno moja ambalo nimekuwa nikilisikia kila inapotokea picha ya kuchorwa ya mtu maarufu. Nimelisikia ndani ya daladala, simu ikipokezanwa kutoka kiti hadi kiti. Nimelisikia msibani, watu wakiitazama sura ya marehemu iliyochapishwa kwenye fulana. Nimelisikia kwa fundi viatu, nimelisikia mezani nyumbani kwangu. Neno lenyewe ni ‘hafanani’. Likishatamkwa, simu inarudishwa kwa mwenyewe, watu wanageukia bei ya mchele, na ile picha imekwisha. Imetazamwa kwa muda wa kupiga chafya, imehukumiwa, imezikwa.

Nasema wazi tangu mwanzo: neno hilo tumelibebesha mzigo usio wake. Kuuliza kama picha inafanana na mwenyewe ni haki ya kila mtu, na macho hayana pazia. Lakini hilo ni swali la kwanza tu. Anayeishia hapo anajinyima alichochorewa, anamnyima mchoraji riziki yake, na wakati mwingine, kama ilivyotokea kwetu, anampoteza hata mtu wake wa damu huku picha yake ikining’inia sebuleni.

‘Mbona amepauka?’

Ijumaa moja jioni nilikuwa saluni ya mtaani kwetu nikimsubiri binti yangu asukwe. Kwenye simu nilikuwa na picha ya Michelle Obama, ile iliyochorwa na Amy Sherald. Nilikwisha kuitazama mara nyingi na ilikuwa bado haijaniachia. Mama mwenye saluni akaniuliza ninatazama nini muda wote huo. Nikampa simu. Akafuta mikono kwenye taulo, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu wa umri wetu, kisha akasema, “Huyu ndiye Michelle? Mbona amepauka hivi? Hata mafuta hawakumpaka!”

Saluni nzima ikaitaka simu. Mmoja akasema mikono imekuwa myembamba. Mwingine akasema pua si yake. Binti yangu, kichwa kikiwa kimeinamishwa na msusi, akanyoosha shingo akatazama kwa jicho moja na kutoa hukumu iliyokuwa ikingojwa: “Hafanani.”

Sikuwalaumu, maana Wamarekani wenyewe walisema hayohayo. Picha hiyo ilizinduliwa tarehe 12 Februari 2018 mjini Washington, katika jumba la National Portrait Gallery, siku moja na picha ya mumewe, Barack, iliyochorwa na Kehinde Wiley. Wachoraji hao wawili walikuwa Wamarekani Weusi wa kwanza kupewa na jumba lile kazi ya kuchora picha rasmi ya rais na mke wa rais. Pazia liliposhushwa kwenye picha ya Michelle, watu walishangilia, lakini kabla ya jua kuzama manung’uniko yalikuwa yamekwisha kuenea dunia nzima. Ngozi ya kijivu? Uso wa kimya hivyo? Yuko wapi yule mwanamke wa kicheko kikubwa tuliyemzoea kwenye televisheni?

Hebu tuitazame picha yenyewe. Ina urefu wa mita 1.8 na upana wa kama mita 1.5. Mwanamke ameketi, kidevu amekiegemeza kwenye mkono mmoja, mkono wa pili ameuachia juu ya paja. Nyuma yake hakuna bendera, hakuna meza ya ofisi, hakuna vitabu. Kuna buluu tupu ya anga la asubuhi. Gauni lake linaanzia shingoni na kuteremka likijitandaza mpaka chini ya picha kama mlima. Anatutazama kama mtu aliyeulizwa swali na ambaye hana haraka ya kulijibu.

Na ile rangi ya kijivu? Sherald hakukosa rangi ya kahawia dukani. Huo ndio mtindo wake. Kwa miaka mingi kabla ya kukutana na Michelle alikuwa akichora ngozi za watu Weusi kwa vivuli vya kijivu, na rangi zote kali akiziweka kwenye nguo na nyuma ya mtu. Mwenyewe ameuhusisha mtindo huo na picha za zamani za kamera, zile za nyeusi na nyeupe. Kwa familia nyingi za watu Weusi wa Marekani, studio ya picha ilikuwa mahali pa nadra ambapo mtu alijionyesha alivyotaka aonekane, amevaa vizuri, ameketi kwa heshima, wakati magazeti na mabango ya nchi yake yakimchora kama kikaragosi. Tena hataki mtazamaji aanze na rangi ya ngozi na kuishia hapohapo. Anataka tuulize huyu ni nani kabla ya kuuliza ni wa rangi gani.

Nilimweleza mama mwenye saluni kwa kifupi. Akaichukua tena simu, safari hii akaikalia kimya. Kisha akasema, “Basi huyu anawaza jambo.” Hakusema picha ni nzuri, wala sikumwomba aseme. Ila tayari alikuwa ameiona zaidi kuliko dakika tano zilizopita.

Nguo inayosema

Sisi wasemaji wa Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kuielewa picha hii, na ninalisema hilo kwa uchungu kidogo. Ni watu gani duniani wanaojua kama tunavyojua kwamba nguo husema? Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mwanamke wa Pwani anaweza kupita mbele ya mlango wa jirani bila kufungua kinywa, na jirani akajua aliyoambiwa. Bibi zetu hawakununua kanga kabla ya kulisoma jina. Iweje basi tukapewa picha ambayo zaidi ya nusu yake ni nguo, nasi tukakimbilia kupima pua?

Gauni lile lilibuniwa na Michelle Smith. Ni jeupe, limekatwakatwa na michoro ya mistari na maumbo meusi, mekundu, ya pinki na ya njano. Sherald amesema michoro hiyo ilimkumbusha mablanketi ya viraka ya Gee’s Bend. Gee’s Bend ni kitongoji kilicho kwenye kona ya mto huko Alabama, wanakoishi wazao wa watumwa wa shamba la pamba. Wanawake wa huko, kwa vizazi, wameshona mablanketi kutokana na suruali za kazi zilizochakaa, magunia na mabaki ya vitambaa, ili watoto wasilale na baridi. Baadaye dunia ikagundua kwamba viraka vile ni sanaa, vikatundikwa kwenye majumba makubwa ya makumbusho. Waliovishona walikuwa wakijua siku zote kwamba ni vizuri.

Sasa unganisha. Baba wa babu yake Michelle, upande wa baba, alikuwa mtoto wa mtumwa huko South Carolina. Mwanamke wa ukoo huo, aliyeishi miaka minane Ikulu, nyumba iliyojengwa pia kwa mikono ya watumwa, anaingia katika jumba la taifa akiwa amevaa kumbukumbu ya viraka vya akina mama maskini wa Alabama. Hilo halimo kwenye pua wala midomo. Limo kwenye gauni. Aliyesema ‘hafanani’ na kugeuka hakulisoma jina la kanga.

Mapema Machi mwaka huohuo wa 2018, mtoto wa kike wa miaka miwili alipelekwa na mama yake kwenye jumba lile. Alipofika mbele ya picha ya Michelle akasimama, kinywa wazi, akakataa kuondoka. Mgeni mwingine akampiga picha kwa nyuma, na picha hiyo ikazunguka dunia. Mama yake alieleza kuwa mtoto aliamini amemwona malkia. Watu walizidi kumiminika hata picha ikahamishiwa kwenye chumba chenye nafasi kubwa zaidi, na wageni wa jumba zima mwaka huo wakapita milioni mbili, karibu maradufu ya mwaka uliotangulia. Yule mtoto hakuwa na sura ya kwenye televisheni ya kulinganishia, kwa hiyo alitazama tu.

Picha ya Barack nayo ilikuwa na maneno yake. Wiley, ambaye baba yake ni Mnigeria, alimketisha rais kwenye kiti cha mbao, bila tai, mikono imekunjwa juu ya magoti, na nyuma yake ukuta mzima wa majani mabichi unaotaka kummeza. Watu wakauliza anafanya nini kichakani. Jibu lilikuwa kwenye maua: krisanthemamu ni ua rasmi la jiji la Chicago alikoanzia siasa, yasmini ni ya Hawaii alikozaliwa, na yale ya buluu, ya jamii ya agapanto, yamewekwa kwa ajili ya Kenya ya baba yake, aliyezikwa Kogelo. Wakulima wa maua watanikumbusha kwamba agapanto asili yake ni kusini mwa Afrika, na mimi mwenyewe ningependa lingetafutwa ua la kandokando ya Ziwa Victoria. Hata hivyo wasifu wa mtu mzima umeandikwa kwa majani, bila herufi hata moja. Siku ya uzinduzi Obama alitania kwamba alijaribu kumwomba mchoraji ampunguzie mvi na masikio, mchoraji akakataa. Kwenye mvi na masikio, basi, alifanana. Waliolalamika hapo walilalamikia majani.

Chui wa Tingatinga

Kuna wanaoniambia kwamba mambo haya ni ya Wazungu, kwamba Mwafrika hupenda kitu kinachofanana na kitu. Ninawajibu kwa kuwapeleka kwa wachoraji wa Msasani na wachongaji wa Mwenge.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung’aa za baiskeli juu ya vipande vya ubao. Alikufa mwaka 1972. Alifanya kazi hiyo kwa miaka minne tu. Chui wake ana madoadoa makubwa kama sahani na macho ya mviringo yanayokutazama popote usimamapo. Je, umewahi kumsikia mtu akisema chui yule hafanani na chui? Ndege wake wana shingo ambazo hakuna ndege duniani aliye nazo. Tunawanunua, tunawapa wageni zawadi, tunawaweka kwenye trei za chai, na tunasema kwa fahari: hii ni yetu.

Au nenda kwa Wamakonde. Mchongaji wa mtindo wa shetani anakutolea kwenye mpingo kiumbe mwenye jicho moja, mdomo umepanda hadi shavuni, mguu umezaliwa kutoka tumboni. Akichonga ujamaa, anakupa nguzo ya watu waliobebana, babu juu ya mjukuu, mtoto akichungulia katikati ya miguu ya mama. Hakuna aliyewahi kudai kujua yule wa tatu kutoka chini ni nani na kwa nini hafanani naye. Tunajua tunaonyeshwa ukoo, tunaonyeshwa kwamba mtu hasimami peke yake.

Basi macho ya kuona yasiyofanana tunayo, tena ya urithi. Tumeyapoteza wapi tunapoletewa uso wa mtu mashuhuri? Nadhani tumeyapoteza kwenye kuta za ofisi. Tumekua tukitazama aina moja ya picha ya mkubwa: Rais kuanzia kifuani hadi kichwani, suti au ushungi, mandhari safi, uso mbele, na kando yake Mwalimu Nyerere. Ipo serikalini, ipo benki, ipo kwa muuza vipuri. Ile ni picha ya kumtambua mtu, na kazi yake inaifanya vizuri. Kosa ni kuifanya kipimo cha kila picha nyingine, kama mtu anayepima kitambaa kwa debe.

Ahadi ya mwenye kazi

Hapa lazima niwe mwadilifu, maana wako wasanii wanaojificha nyuma ya neno ‘ubunifu’ kila kazi inapowashinda.

Februari 2024 ilizinduliwa sanamu ya Mwalimu Nyerere kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa. Watanzania wengi walipoona picha zake waling’aka: huyu si Mwalimu. Siwezi kuwaambia walikosea. Sura ile tunaishika mkononi kila siku kwenye noti ya shilingi 1,000. Tunalijua paji la uso, masharubu, hata namna alivyokuwa akiuinua mkono wa fimbo. Sanamu ilikuwa ya mtu kamili, amesimama, amevaa kama alivyokuwa akivaa. Ilituahidi Nyerere tunayemjua. Kazi inayoahidi sura hupimwa kwa sura.

Miezi michache baadaye, Agosti 2024, mji wa Eldoret kule Kenya uliweka sanamu za wanariadha ukijiandaa kutangazwa kuwa jiji. Eldoret ni makazi ya mabingwa. Watu wanawajua wakimbiaji wao kwa hatua, siyo kwa uso tu. Walipoziona zile sanamu walizicheka mpaka zikaondolewa kabla ya sherehe. Wahenga walisema wengi wape. Usipowapa, watachukua kwa mikono yao. Pale palikuwa mahali pa umma, na mwananchi ana haki ya kudai kazi safi.

Kwa hiyo mimi sitetei kila kisichofanana. Ninachosema ni kwamba kila picha ina ahadi yake, na haki ni kuipima kwa ahadi hiyo. Sherald hakuahidi picha ya paspoti. Tingatinga hakuahidi chui wa mbugani. Fundi aliyeahidi meza akaleta kiti, mkatae. Lakini aliyeahidi kiti akakuletea kiti, usimgombeze kwamba hakina droo. Inataka dakika moja tu ya kujiuliza, huyu alikuwa akijaribu kunipa nini? Dakika hiyo ndiyo tunayoinyima picha.

Kufanana kupita kiasi

Na kuna wakati ‘hafanani’ huwa si kweli hata kidogo. Huwa ni njia ya kusema: amefanana mno, sitaki.

Mwaka 1954 wabunge wa Uingereza walimzawadia Winston Churchill picha yake kwa kutimiza miaka 80. Mchoraji alikuwa Graham Sutherland. Alimchora mzee aliyekaa kwa uzito kitini, mikono imeshika egemeo, uso wa mtu aliyechoka na ambaye bado hataki kuachia. Churchill aliichukia. Alipokabidhiwa mbele ya mabunge yote mawili aliisifu kuwa ni mfano wa ajabu wa sanaa ya kisasa, na ukumbi mzima ukacheka, maana kila mtu alielewa. Picha ilipelekwa nyumbani kwake, haikutundikwa kamwe, na baadaye ikachomwa moto kwa ridhaa ya mkewe, Clementine. Umma ulikuja kujua baada ya mama huyo kufariki mwaka 1977. Leo imebaki michoro ya maandalizi na picha za kamera tu.

Nimemfikiria sana Clementine. Alimpenda mumewe, alimwona akiumia, akaamua kumlinda. Ni nani asiye na ndugu aliyewahi kuchana picha ya mama mgonjwa ili asikumbukwe hivyo? Namwelewa, na bado nasikitika, kwa sababu kilichochomwa ndicho ambacho hakuna kamera iliyomfuata Churchill siku hizo ingethubutu kukisema waziwazi: kwamba simba amezeeka.

Kisha ikaja picha ya Mfalme Charles, iliyochorwa na Jonathan Yeo na kuzinduliwa kwenye kasri la Buckingham mwezi Mei 2024. Uso umefanana kabisa, lakini kila kitu kingine, sare, upanga na nyuma yake, kimezama kwenye wekundu mmoja, na kipepeo ametua karibu na bega. Mchoraji alianzia kwenye sare nyekundu ya kikosi cha Welsh Guards. Watazamaji wengi waliona moto, wengine wakaona damu. Walikosea? Miezi kama sita kabla, mfalme huyohuyo alikuwa Nairobi akieleza majuto makubwa kwa ukatili waliofanyiwa Wakenya wakipigania uhuru, bila kufikia kuomba radhi rasmi. Mtu ambaye babu yake alifungwa kambini wakati wa Mau Mau, akiona wekundu nyuma ya taji, hawezi kuombwa afikirie kipepeo kwanza. Rangi huja na historia ya anayeitazama. Huyo naye ameisoma picha, ameisoma kwa maisha yake. Ninayemhurumia ni yule aliyesema tu ‘rangi mbaya’ akapita.

Suti ambayo baba hakuwahi kuvaa

Mtu atauliza, haya yanamhusu nini mama anayetafuta ada ya shule? Yanamhusu nyumbani kwake. Binti zetu wanajipiga picha, simu inawalainisha ngozi, inawachonga pua, inawapunguza shavu, kisha wanajitazama kwenye kioo na kujiona wamekosewa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtoto wa darasa la pili anamchora mama yake ana mikono mirefu inayofika chini. Mama anacheka, anasema mbona mimi sifanani hivi, na mtoto anafunga daftari. Angeulizwa, huenda angesema ni mirefu kwa sababu inambeba. Kijana wa mtaani mwenye kipaji anajifunza haraka kwamba hela iko kwenye kunakili picha ya kamera nukta kwa nukta, basi ananakili mpaka kipaji kinakauka. Sherald alihudumia meza mgahawani mpaka akiwa na miaka 38, na mwaka uliofuata akapandikizwa moyo wa mtu mwingine. Ni wangapi wa kwetu wanaoweza kungoja muda huo?

Na yametuhusu sisi, ukoo wetu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alipofariki tulikuwa na picha yake moja tu, paspoti saizi, imechakaa pembeni. Mdogo wangu aliipeleka kwa kijana mchoraji wa jirani. Yule kijana akaja nyumbani, akakaa na mama jikoni karibu saa nzima. Baada ya wiki tatu akaleta picha. Baba ameinama juu ya cherehani, uso wake unaonekana kwa upande tu, nusu yake kivulini. Utepe wa kupimia uko shingoni. Mikono ndiyo iliyokuwa mikubwa, imeletwa mbele kabisa, na ilikuwa ya buluu. Buluu iliyokolea, mpaka kwenye viganja, mpaka chini ya kucha.

Tulinyamaza. Shangazi ndiye aliyesema: “Huyu si kaka yangu. Kaka yangu alikuwa na mikono ya buluu lini?” Sote tukaitikia, mimi nikiwa wa kwanza. Tulimlipa kijana nusu ya makubaliano, jambo ambalo nimekuja kulionea aibu, na picha ikawekwa nyuma ya kabati, uso umeelekezwa ukutani. Ile paspoti tukaipeleka studio. Wakaikuza, wakaondoa makunyanzi, wakamvisha baba suti nyeusi na tai nyekundu kwa kompyuta. Tukaitundika sebuleni. Wageni wote walisema: amefanana.

Baba hakuwahi kuwa na suti. Alishona suti za maharusi wa mtaa mzima, na harusini alikwenda na kaunda suti yake ileile ya kijivu. Ile tuliyomvisha ilikuwa na kola iliyopinda upande mmoja, bega limeshuka. Angeiona angeomba mkasi. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa miaka minne nilipita chini ya picha ile nikimsalimia mtu ambaye hakuwahi kuishi nyumbani kwetu.

Mwaka jana mama alihama chumba, kabati likasogezwa, na ile picha ikatoka na vumbi lake. Aliifuta kwa kanga yake, akaitundika mbele ya kitanda. Nilipomuuliza akanieleza yale ambayo hatukuwahi kumuuliza. Kila mwaka, Disemba mpaka shule zinapofunguliwa Januari, baba alikuwa akishona sketi na kaptura za sare usiku na mchana. Kitambaa cha buluu cha bei nafuu kilikuwa kikichuja rangi kwenye jasho. Alikuwa akirudi usiku sisi tumelala, ananawa kwa sabuni ya kufulia, na rangi haitoki. Yule kijana alimuuliza mama swali moja: mzee akiingia mlangoni, ulikuwa ukiona nini kwanza? Mama akamjibu, mikono.

Shangazi alikuja Idi iliyopita. Akaingia chumbani kwa mama kuvua ushungi, akaikuta picha ukutani. Nilikuwa mlangoni na birika la chai. Aliitazama muda mrefu, akakaa kitandani, akasema bado hafanani. Kisha akanyoosha kidole. “Na pini ziko wapi? Alikuwa anabana pini mdomoni akishona, hata ukimsalimia hajibu mpaka azitoe.”

“Mchoraji hakuuliza habari za mdomo,” mama akasema. “Aliuliza mikono.”

Shangazi akavuta mto, akaegemea, akaanza kueleza habari za pini.